Samaki wa Birikani

Asubuhi yangu ya kwanza Lamu nilioga na samaki.

Nyumba niliyofikia iko Mkomani, nyuma ya ngome, katika vichochoro ambamo punda wawili wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Mwenye nyumba ni mama wa makamo ambaye mtaa mzima humwita Bi Mkubwa, nami nikamwita hivyo hivyo. Alinionyesha choo, akaniwekea kata ukingoni mwa birika, akasema neno moja tu: "Taratibu." Nilidhani ananionya nisiteleze.

Birika lenyewe ni tangi la mawe ya matumbawe lililopigwa chokaa hadi likawa laini kama ganda la yai. Limejengwa pembeni, likaegemea ukuta, nawe husimama kando yake ukajimwagia. Ndani huingii. Nilichovya kata, na kitu chembamba kama sindano kikakata maji kwenda upande wa pili. Kikafuatwa na cha pili. Nilipoinama nikawaona kama saba hivi, rangi yao ya kijivu, wamejipanga kwenye kivuli cha ukuta wakiningoja niondoke.

"Bi Mkubwa, humu mna samaki!"

"Ni zisamaki," akajibu kutoka uani, bila kushangaa. "Hula watoto wa mbu. Usiwateke."

Hapo ndipo nilipoelewa lile "taratibu" lilikuwa la nani. Nilioga nusu ya maji niliyozoea, kila kata nikiikagua kabla ya kuinua mkono.

Mgeni wa Lamu husikia Kiamu kabla ya kukielewa. Vi- huwa zi-, maji ni mai, na njia ni ndia. Masikio yangu ya bara yalihitaji siku mbili kukaa sawa. Lakini neno birika lilinichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu kwetu birika ni la chai. Hapa ni kitu kinachobeba nyumba nzima. Msikiti una birika lake la udhu, na nyumba ya kale ya mawe ina lake chooni, mara nyingi zaidi ya moja. Kisima kikiwa karibu, maji huvutwa kwa ndoo na kumiminwa humo yatulie. Na maji yakitulia katika mji wa joto, mbu hutaga. Waamu wa kale hawakuwa na dawa ya kunyunyizia. Walikuwa na samaki.

Kama huna mwenyeji wa kukualika chooni kwake, nenda kwenye Jumba la Makumbusho la Nyumba ya Kiswahili, hapo hapo mjini. Pitisha macho haraka kwenye vitanda na majamvi, kisha uulize habari ya birika. Utaambiwa jambo lililonifanya nirudi kwa Bi Mkubwa mbio kuthibitisha: chini kabisa, katikati ya sakafu ya birika, mafundi walikuwa wakipachika bakuli la kaure la Kichina. Birika likifunguliwa kusuguliwa, maji yote huondoka isipokuwa yale yaliyomo bakulini, na humo ndimo samaki hujikusanya wakasubiri. Sahani za Kichina katika nyumba za Lamu zimeandikwa sana, jinsi zilivyopangwa kwenye zidaka za ukutani wageni wazione na wajue wamefika kwa watu. Mimi naona lile bakuli la chini ya maji, ambalo mgeni haoni, ndilo lenye ustaarabu mkubwa zaidi. Mtu amenunua chombo kilichovuka bahari nzima ya Hindi, akampa samaki mdogo kuliko kidole.

Nilikuja Lamu nikiwa na jeraha la samaki. Mwaka mmoja kabla, nyumbani, nilivutwa na kilimo kinachoitwa akwaponiki. Nilinunua tangi, mabomba ya plastiki yaliyotobolewa, kokoto, pampu, na vifaranga arobaini vya tilapia. Mpango wake ni mzuri kiasi cha kumlevya mtu. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake na kinyesi chake. Amonia ni sumu kwake mwenyewe. Lakini kwenye kokoto hukaa bakteria wasioonekana, kundi moja likiigeuza amonia kuwa naitraiti, kundi la pili likiigeuza naitraiti kuwa naitreti, na naitreti ndiyo mbolea ambayo sukuma wiki na mchicha huipenda. Mimea hunywa mbolea, maji hurudi kwa samaki yakiwa safi, mzunguko ukaanza upya. Haidroponiki ni ndugu yake asiye na samaki: mizizi hukaa majini na chakula chake huchanganywa kwa kipimo kutoka kwenye mfuko wa chumvichumvi. Kote kote hakuna udongo.

Mboga zangu zilipendeza miezi minne. Kisha usiku mmoja umeme ukakatika nikiwa nimelala. Pampu ilinyamaza, hewa ikaisha majini, na alfajiri nikawakuta tilapia wangu wanaelea matumbo juu. Nilifunga mradi. Majirani walikuwa wapole, waliuliza tu kama nitauza mabomba.

Kwa hiyo nilipomwona Bi Mkubwa anafuga samaki bila pampu, bila umeme, na bila kununua hata kibaba cha chakula, niliona haya kidogo. Samaki wake hulishwa na mbu. Chakula chao huja kwa mabawa yake. Nikamwuliza maji machafu ya kuoshea birika huenda wapi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua huzama wapi.

"Mai ya samaki hayatupwi, mwanangu."

Akanishika mkono hadi kiwandani. Waamu huita ua wa ndani ya nyumba kiwanda, wala hapana moshi wala king'ora; ni mraba wa anga ulioachwa katikati ya kuta ili mwanga na upepo vishuke. Pale palikuwa na asumini iliyopanda ukuta, mrehani ndani ya debe lililotoboka, na ndimu moja yenye miiba. Ndoo ya maji ya birika hugawanywa humo, asumini kwanza. Jioni maua hutunguliwa yakiwa bado hayajafunguka, hufungwa pamoja na mrehani kuwa kikuba, na kikuba huvaliwa au huwekwa kitandani. Nisitie chumvi: visamaki saba hawawezi kulisha bustani. Ni wachache mno, na kinachonenepesha asumini ile ni makapi ya chai na samadi ya punda, ambayo Lamu haijawahi kupungukiwa. Lakini njia ya maji ni ile ile niliyoilipia fedha nyingi: kutoka kisimani hadi kwa samaki, kutoka kwa samaki hadi kwenye mzizi.

Ukitaka kujua kwa nini watu hawa huhesabu maji namna hii, toka mjini asubuhi mapema, fuata ukingo wa bahari kuelekea kusini. Mwendo wa dakika arobaini na tano hivi utakufikisha Shela. Maji yakijaa itakubidi upande motaboti, na nahodha atakwambia bei kwa upole wa mtu ajuaye huna njia nyingine. Shela ina hoteli nzuri na nyumba za wageni matajiri, nami nitazipita. Nilikwenda kuona michanga.

Nyuma ya kijiji, milima ya mchanga hufuatana na ufuo wa maili nyingi kuelekea Kipungani, myeupe, imesukwa na upepo wa kusi na kaskazi. Wageni huipanda kupiga picha magharibi. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika vita ambavyo Waamu husimulia kama vya jana, jeshi la Pate na Wamazrui wa Mombasa liliteremka hapa likashindwa, na mchanga umewahi kufunua mifupa yao. Hayo yote ni ya juu. Cha thamani kiko chini.

Mvua ya masika ikinyesha juu ya mchanga haitiririki. Huzama. Hushuka hadi ikutane na maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, na kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake, yakaelea ndani ya mchanga kama mafuta juu ya mchuzi. Wataalamu wana kanuni yake, iliyotambuliwa mwishoni mwa karne ya 19: kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna mita kama arobaini chini yake. Geuza kanuni hiyo uone inavyotisha. Ukivuta maji hadi usawa wake ukashuka mita moja, chumvi hupanda kukufuata arobaini. Visima vya Shela ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu. Kila nyumba ya fahari inayoinuliwa juu ya michanga, na kila bwawa la kuogelea, lina ubia na kata yangu ya asubuhi. Ugomvi wa ardhi na ujenzi kwenye michanga hii hurudi kila baada ya muda, na mimi, ambaye kwa kawaida husikiliza pande zote mbili, hapa sina pande mbili.

Niliketi juu ya mlima mmojawapo hadi jua likawa kali. Unaona kisiwa cha Manda ng'ambo, mikoko yake kijani iliyoiva, na mkondo wa buluu katikati ukipitisha majahazi. Wilaya nzima ya bahari iliyojaa maji, na ya kunywa ni yale tu yaliyojificha chini ya makalio yako.

Kesho yake nilikwenda Takwa. Gofu hilo liko upande wa pili wa kisiwa cha Manda, na mashua hufika tu maji yakijaa, kwa kupenya mkono mwembamba wa bahari uliofunikwa na mikoko pande zote. Nahodha alizima injini na kusukuma kwa pondo. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na ukiwa ndani yake kimya unasikia kwa nini: kaa wanatembea, matope yanapumua, vifaranga vya samaki vinarukaruka kwenye mizizi. Majani huanguka, huoza, hulisha vijidudu, vijidudu hulisha kamba, kamba hulisha samaki, na samaki hurudisha chakula kwa mti. Nilicheka peke yangu. Nahodha akauliza kuna nini. Nikamwambia niliwahi kununua kitu kama hiki kwa mkopo.

Takwa ilikaliwa kuanzia kama mwaka 1500 hadi kama 1700, kisha watu wakaondoka. Msikiti wake umesimama bado, na mnara juu ya ukuta wa kibla. Mibuyu imejipenyeza ndani ya vyumba. Wengine husema watu walihamishwa na vita na Pate, wengine husema visima viliingia chumvi, na ukishatoka Shela ukiwa na ile kanuni ya moja kwa arobaini kichwani, maelezo ya pili hayakuachi. Walivuka mkondo wakahamia Shela, kwenye michanga. Lakini hawakuiacha Takwa moja kwa moja. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi lenye mnara, la karne ya 17, na mpaka leo watu wa Shela huvuka kulizuru. Huja kuomba mvua.

Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyopanga, hadi nahodha akanikumbusha kwamba maji hayamngoji mtu na mkono wa bahari ukikauka tutalala na kima.

Jambo moja lilinijia njiani tukirudi, na sijui kwa nini sikuwahi kulifikiria nilipokuwa nikitoboa mabomba. Historia ya kilimo bila udongo imejaa visiwa. Neno haidroponiki lilienezwa na William Gericke wa Chuo Kikuu cha California mwaka 1937, kutokana na Kigiriki, kwa maana ya kazi ya maji. Lakini walioihitaji kwa dhati walikuwa kwenye miamba ya baharini. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya ndege ya Pan American ililima mboga kwa njia hiyo kwenye kisiwa cha Wake, katikati ya Pasifiki, ambako udongo wa kulima haukuwepo na ndege zilisimama kulisha abiria. Mwaka 1945 jeshi la Marekani lilifanya vivyo hivyo kwenye kisiwa cha Ascension, juu ya majivu ya volkano. Na akwaponiki ya kisasa, ile ya samaki na mboga pamoja, ilisomewa sana St. Croix katika Visiwa vya Virgin, ambako James Rakocy na wenzake walianza miaka ya 1980 na kufikia kipimo ambacho wakulima hukitumia hadi leo: kwa kila mita moja ya mraba ya mboga za majani zinazoelea, wape samaki gramu 60 hadi 100 za chakula kwa siku. Watu wa visiwa ndio walioulizwa swali hili mapema. Kwetu bara tunalima bila udongo kwa sababu ni maridadi.

Lamu nayo hula kwa mashua. Kabichi, nyanya, viazi na vitunguu vya sokoni karibu na ngome vimevuka kutoka Mokowe, vikitoka Mpeketoni, Hindi na mbali zaidi. Bahari ikichafuka au barabara ikifungwa, bei ya nyanya hukueleza habari kabla ya redio. Kwa hiyo haishangazi kwamba mtoto wa kiume wa Bi Mkubwa, kijana wa miaka ishirini na ushei, amepanda mboga juu ya dari.

Alinipandisha jioni. Juu ya sakafu ile ya chokaa na boriti alikuwa amepanga madumu yaliyokatwa ubavuni, kila dumu na kifuniko cha ubao chenye matundu, na katika kila tundu mche wa spinachi au nana umesimama ndani ya kikombe cha plastiki chenye makumbi ya nazi. Nilitafuta pampu. Hakuna. Alikuwa amejaza maji yenye chakula cha mimea mara moja tu, akayaacha. Mzizi hunywa, maji hushuka, na nafasi inayobaki kati ya maji na kifuniko huujaza mzizi hewa. Maji yakikaribia kwisha, mboga imekwisha kukomaa. Kosa lake la kwanza, alinieleza, lilikuwa kutumia maji ya kisima cha uani. Yana chumvi kidogo, ulimi hauihisi, lakini majani yaliungua kingo kama karatasi. Tangu hapo hutumia ya mvua, aliyoyakinga kwenye mapipa.

"Na samaki?" nikamwuliza. "Hutaki kuwatia?"

"Bibi, wa chini wanatosha." Kisha akaniuliza yeye, kwa adabu, vile vifaranga vyangu vilivyokufa vilikuwa vingapi.

Nilimpa hesabu niliyowahi kuisoma, ya watafiti wa Arizona waliolinganisha letasi ya shambani na ya haidroponiki mwaka 2015. Walikadiria kilo moja ya letasi hunywa lita 250 shambani, na lita 20 tu kwenye haidroponiki. Macho yake yaling'aa. Nikamalizia sehemu ambayo wauza vifaa huipita haraka: nishati iliyotumika ilikuwa mara 82, kwa sababu ya kupasha joto na kupoza vyumba, taa na pampu. Alifikiri kidogo, akatazama anga, akatazama madumu yake. Hapa joto ni la bure, akasema, na taa hiyo inazama sasa hivi. Adhana ya magharibi ilianza msikiti mmoja, ikadakwa na wa pili, ikazunguka mji mzima juu ya vichwa vyetu.

Kinachomtia wasiwasi ni ule mfuko wa chumvichumvi, ambao hutoka mbali na bei yake hupanda. Wenye akwaponiki nao wana mfuko wao, chakula cha samaki, na mara nyingi ndani yake mna dagaa waliovuliwa ziwani au baharini, kwa hiyo unaweza kujisifu kwa samaki wa uani huku umekula wa ziwani na wa pwani. Kijana huyu anajaribu kuloweka samadi ya punda na kuichuja. Nilinusa ndoo hiyo. Nina shaka na usalama wa majani yanayoliwa mabichi, nikamwambia, na yeye akasema hata mama ana shaka, ndiyo maana ndoo ile hutumika kwa maua peke yake.

Ukienda kaskazini zaidi, Ndau na Kiwayu, kuna majabia, mabirika makubwa ya kukinga mvua yenye uwanja mpana wa saruji unaoyakusanyia maji, na huko masika mabaya maana yake ni mashua ya kubeba madumu. Sikufika safari hii. Kusi ilikuwa imeanza kuvuma na nahodha wangu, mtu mwenye maneno machache, alitikisa kichwa mara moja tu.

Siku ya kuondoka ilikuwa siku ya kusugua birika. Niliomba nitazame. Bi Mkubwa alikunja kanga yake kiunoni, akazibua tundu la chini, na maji yakaanza kushuka yakiingia kwenye ndoo moja baada ya nyingine, ambazo kijana alizipokea na kuzipeleka kiwandani. Visamaki walizunguka wakipungukiwa na nafasi. Maji yalipofika kifundo, wakatulia. Yalipobaki kama ulalo wa kiganja wakaanza mmoja mmoja kuteremka katikati, bila kufukuzwa, hadi wote saba wakawa ndani ya bakuli. Lilikuwa la buluu na jeupe, limepasuka ukingo mmoja na kuzibwa kwa chokaa siku ambazo hakuna anayezikumbuka, na nikamwuliza lina umri gani.

"Nimelikuta," alisema.

Akasugua kuta kwa kifuu na mchanga, akizunguka bakuli bila kuligusa. Chini, punda wa kubeba begi langu alikuwa amekwisha fika na mwenyewe ananiita. Bi Mkubwa akatoa ndoo ya kwanza ya maji mapya kisimani, akainama, akaimimina polepole mno ukutani, ili yasiwashtue.